Ujumbe Niliousoma Nusu

Kila nilipotoka shuleni, kabla sijavua hata viatu, tayari kulikuwa na mtu ananingoja barazani na simu mkononi. Leo kinyozi wa pembeni, kesho jirani wa chumba cha tatu, kesho kutwa mama muuza nyanya. "Injinia, hebu nitazamie hii, inaandika maneno siyaelewi." Nami naipokea, naigeuzageuza, nabonyeza hapa, nabonyeza pale, naguna kidogo ili ionekane kazi ni nzito, kisha namrudishia mwenyewe. "Tayari."

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina la Injinia nilipewa na kinyozi, siku nilipomwondolea mlio wa jogoo kwenye simu yake. Jogoo huyo alikuwa anawika kila kinyozi akipigiwa, na wateja wanaruka kwenye kiti huku wembe uko shingoni. Tangu siku ile jina langu la kweli likabaki kwenye daftari la mahudhurio tu. Sitaki kudanganya, nililipenda jina jipya kupita kiasi. Nikiitwa Injinia mbele ya wenzangu, kichwa kinanivimba hadi naona mlango wetu ni mdogo.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa na vyumba sita vilivyozunguka ua wa saruji, bomba moja katikati, na kamba za nguo zilizokatiza kila upande. Chumba cha kwanza tuliishi mimi, mama na Babu, yaani baba yake mama. Mama alifua mashuka ya hospitali kwa mashine kubwa na kurudi jioni akinuka sabuni. Babu alikuwa mstaafu wa reli. Enzi zake aliendesha treni ya mvuke, na hadithi za treni hiyo nilizisikia mara nyingi kuliko wimbo wa shule.

"Kichwa cha treni hakiendeshwi na mtu mmoja," Babu alikuwa akisema. "Mimi dereva, na mwenzangu Makaa anachochea moto. Tukikaribia mlingoti wa ishara, mimi natamka nilichokiona, Makaa anarudia. Nikisema 'Kijani!' yeye anaitikia 'Kijani, twende!' Nikisema 'Nyekundu!' anaitikia 'Nyekundu, simama!' Asiporudia, nafunga breki. Hata kama nimeona kwa macho yangu mawili, nafunga."

"Kwa nini, Babu, kama umeshaona mwenyewe?"

"Kwa sababu mtu aliyezoea njia haangalii tena. Anadhani anaona."

Nilitikisa kichwa kama aliyeelewa, huku vidole vyangu viko kwenye simu ya mtu.

Sasa nieleze jinsi nilivyowaharibia watu simu zao. Mtaa wetu wote ulitumia kampuni ya Mwale, kwa sababu mnara wake ulikuwa juu ya kilima nyuma ya shule. Mara mojamoja simu zilidaka mnara wa kampuni nyingine, na hapo juu kwenye kioo ikatokea herufi ndogo ya R. Hiyo ni alama ya roming, yaani simu imeazima mtandao wa kampuni jirani. Sijui nani alianza kuvumisha kwamba herufi ile inakula salio. Uvumi ulizunguka ua kwa asubuhi moja. Watu wakaniita, nami nikaingia chumba hadi chumba nikizima roming. Halafu, ili kuzikomesha kabisa hizo kampuni jirani, nikazifunga simu zote zisichague mtandao wowote isipokuwa Mwale. Simu kumi na tisa! Siku hiyo nilitembea kifua mbele.

Simu moja tu sikuigusa, ya Mama Cherehani. Huyu alikuwa fundi wa kushona sare, anaishi chumba cha sita, na cherehani yake iko dirishani. Mwaka uliopita alijiunga na darasa la watu wazima kujifunza kusoma, na tangu hapo hakuna maandishi yaliyompita salama. Alisoma mifuko ya sukari, stakabadhi za umeme, hata onyo kwenye chupa ya dawa ya mende, yote kwa sauti, kidole chini ya kila neno. Sisi watoto tulikuwa tunamwigiza kichinichini. Mimi ndiye niliyemwigiza vizuri zaidi, na leo nikikumbuka naona haya.

Wiki tatu kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, simu ya Babu ililia. Ulikuwa ujumbe. "Mpendwa mteja, kampuni yako ya Mwale sasa imeungana na kampuni ya Upeo..." Nilisoma mpaka hapo tu. Mwezi uliopita matapeli walituma ujumbe ulioanza na "Mpendwa mteja" vilevile, eti watu wameshinda pikipiki.

"Matapeli hao, Babu. Tunafuta."

Nikaufuta. Akaja kinyozi na ujumbe uleule: futa. Muuza nyanya: futa. Hadi jioni nilikuwa nimefuta mtaa mzima. Wa mwisho alikuja Mama Cherehani, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Mwanangu, hebu tusome wote huu. Una mambo ya kuwasha, kuna na tarehe."

"Mama, ni matapeli hao. Futa tu."

"Umeusoma hadi mwisho?"

"Ndiyo," nikajibu.

Sikuwa nimeusoma. Neno hilo lilinitoka mdomoni bila kunikwaruza hata kidogo. Mama Cherehani akasema, "Haya," akarudi kwenye cherehani yake.

Basi, Jumatano moja nilirudi shuleni nikakuta Babu anacheza uani. Babu wa miaka sabini na saba, mwenye magoti yanayolia kama bawaba, anacheza! Nilidhani amepatwa na kitu.

"Wamempata!" alipiga kelele. "Redio wamempata Makaa!"

Kulikuwa na kipindi cha redio kilichoitwa *Yuko Wapi?*, ambacho huwatafutia watu ndugu na marafiki waliopotezana. Babu alikuwa amewaandikia barua mbili na kukata tamaa. Miaka arobaini hakuwa amemsikia Makaa, hakujua hata kama yu hai. Kumbe yu hai, tena Jumamosi angeletwa studio na mjukuu wake. Saa nne asubuhi wangempigia Babu simu, mazungumzo yaende hewani moja kwa moja.

"Ila wamenionya," Babu aliniambia huku amenishika mabega. "Watapiga mara tatu. Wasiponipata, wanaendelea na watu wengine. Na Makaa hana simu, Jumapili anahamia kwa mwanawe, mbali huko. Injinia wangu, simu hiyo naikabidhi kwako."

"Usiwe na wasiwasi, Babu," nikasema. Mimi tena!

Usiku wa Ijumaa hakuna aliyelala vizuri kwetu. Jumamosi asubuhi ua ulijaa. Kinyozi alifunga kibanda chake, akaja na redio yake kubwa na kuiweka juu ya pipa. Watu walitoa viti, ndoo, hata kinu kikageuzwa kigoda. Mama alikuwa zamu kazini, lakini alisema watasikiliza hukohuko. Babu alivaa kofia yake ya reli, ile yenye kishikizo cha shaba, akakaa wima kama anapigwa picha. Mbele yake niliweka stuli, juu ya stuli kitambaa cheupe, juu ya kitambaa simu. Moyo wangu ulikuwa unaruka kwa furaha.

Saa tatu na nusu niliinama kuitazama. Pale juu, penye vile vijiti vya mtandao, hapakuwa na kijiti hata kimoja. Palikuwa na maneno mawili: *Hakuna huduma*.

Nikaizima, nikaiwasha. Hakuna huduma. Nikapanda juu ya ndoo nikainyoosha hewani, nikakimbia hadi getini na kurudi. Hakuna.

"Na yangu imekufa!" akasema kinyozi.

"Hata yangu!" akadakia muuza nyanya.

"Basi mtandao umeanguka nchi nzima," kinyozi akatangaza, kama ndiye waziri. "Hiyo siyo kazi ya Injinia tena. Tungoje tu utarudi."

Nilishusha pumzi. Kumbe nchi nzima! Kosa si langu. Nilikuwa bado najipongeza hivyo niliposikia mlio wa simu kutoka dirisha la chumba cha sita.

"Halo? Ndiyo, sare ya mtoto iko tayari. Njoo uichukue mchana," Mama Cherehani alikuwa anaongea kwa raha zake.

Ua wote ukageuza shingo. Simu moja tu yenye mtandao katika ua mzima, na ndiyo simu moja tu niliyokuwa sijaigusa. Nikakumbuka "mambo ya kuwasha". Nikakumbuka "kuna na tarehe".

Redio ikapiga muziki wa kipindi. "Saa nne kamili, ndugu wasikilizaji! Leo studioni tunaye mzee aliyechochea moto wa treni miaka kumi na minane, na anayetafutwa na dereva wake. Mzee, uko tayari? Haya, tunapiga!" Halafu kutoka redioni tukasikia sauti ya yule dada wa mtandao: "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa."

Babu aliivua kofia yake polepole, akaiweka magotini. "Labda simu yangu imezeeka," akasema.

Hapo ndipo niliposhindwa. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Kila mtu alikuwa na la kulaumu, mara mawingu, mara mnara, mara uzee wa simu. Lakini Babu alikuwa anailaumu simu yake, na simu yake haikuwa na kosa. Nikapiga moyo konde.

"Babu, ni mimi." Sauti ilitoka ndogo, nikairudia kwa nguvu. "Ni mimi! Ule ujumbe haukuwa wa matapeli. Kampuni zimeungana kweli, nadhani leo ndiyo ile tarehe, mnara wetu wamezima. Sikuusoma. Nilisema nimeusoma lakini sikuusoma. Na roming nilizima mimi, simu zote."

"Ala! Injinia!" kinyozi akafoka. "Kumbe ulikuwa unatufutia tu?"

Babu aliinua mkono, na ua ukanyamaza. Alikuwa Babu mwingine, mwenye sauti ya kazini. "Kusemana baadaye. Sasa treni iko njiani. Huo ujumbe uko wapi?"

"Tumeufuta wote, Babu," nikasema huku machozi yananilenga.

"Mimi sikuufuta," akasema Mama Cherehani. Alikuwa ameshatoka chumbani, simu yake ya vitufe mkononi. "Niliusoma siku mbili. Binti wa duka la laini akanisaidia kuwasha."

"Piga redio kwa simu yako!" mtu akapendekeza. Akapiga, namba inatumika. Akapiga tena, inatumika, bila shaka nchi nzima ilikuwa inapiga. "Basi hamishia laini ya Babu humo!" Nikaichomoa laini, nikaijaribu: simu ya Mama Cherehani ilichukua laini kubwa ya zamani, na hii yetu iliyokatwa ikacheza ndani kama punje ya mchele kwenye debe. Nikairudisha mbio. Redioni, kwa mara ya pili: "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa."

"Mara moja imebaki," Babu alisema. "Mama, wewe soma. Injinia, usiguse kitu kabla hujarudia alichosoma. Neno kwa neno. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Mama Cherehani akaweka kidole chini ya mstari. Hakuna aliyecheka safari hii.

"Moja. Fungua mi-pa-ngi-li-o."

"Fungua mipangilio." Nikafungua.

"Mbili. Ingia mitandao ya simu."

"Ingia mitandao ya simu." Nikaingia.

"Tatu. Washa ma-tumizi ya mitandao mingine, yaani roming. Hutatozwa zaidi."

"Washa roming, hutatozwa zaidi." Nikawasha, na kidole changu kikakimbilia kitufe cha kuzima simu, maana nilidhani yamekwisha.

"Simama!" Mama Cherehani akasema. "Kuna la nne. Hujarudia la nne."

"La nne," nikasema nikihema.

"Acha simu ichague mtandao yenyewe."

"Acha simu ichague mtandao yenyewe." Na pale, mbele ya macho yangu, kulikuwa na kufuli langu mwenyewe: *Mwale tu*. Mnara wa Mwale ulishazimwa, na mimi nilikuwa nimeiamuru simu imngojee marehemu. Kama ningelivuka hilo la nne, roming isingesaidia kitu. Nikalifungua.

"Tano. Zima simu, hesabu hadi thelathini, kisha iwashe."

"Zima, hesabu hadi thelathini, washa."

"Moja!" kinyozi akaanza. "Mbili!" wakamfuata wote. Ua mzima ulihesabu, wakubwa kwa wadogo, kama darasa la kwanza. Redioni mtangazaji akasema, "Tutajaribu kwa mara ya mwisho baada ya tangazo hili." Lilikuwa tangazo la sabuni. Sijawahi kuipenda sabuni kama siku ile. "Ishirini na nane! Ishirini na tisa! Thelathini!"

Nikaiwasha. Kioo kikawa cheusi, kikawa cheupe, ikatokea nembo ya kampuni iliyoitengeneza, ikazunguka na kuzunguka. Tangazo likaisha. Mtangazaji akaanza kumwambia Makaa asivunjike moyo. Kijiti cha kwanza kikatokea. Cha pili. Cha tatu. Na pembeni yake, ile herufi ndogo.

"Ile herufi hiyo!" kinyozi akashtuka.

"Iache!" tulimfokea wote kwa pamoja.

Simu ikalia.

Babu aliipokea kwa mikono miwili. Kinyozi akaipunguza sauti redio, nami nikabonyeza spika ili wote tusikie.

"Halo! Tumempata, ndugu wasikilizaji!" mtangazaji alikuwa akishangilia. "Mzee, sema neno na mwenzako."

"Halo, Makaa," Babu akasema. Sauti ilitoka nyembamba.

Kisha sauti ya mzee mwingine, yenye mikwaruzo: "Huyu siye. Dereva wangu alikuwa na sauti ya honi. Mmenipa kizee gani hiki?"

Watu walicheka, lakini mimi nilimwangalia Babu. Aliinuka kitini, magoti yakalia. Akaichukua kofia yake, akaivaa, akaiweka sawa. Akavuta pumzi hadi kifua kikajaa.

"Kijani!" akaunguruma. Njiwa waliruka juu ya bati.

Upande wa pili hakukusikika kitu. Nikadhani mtandao umekatika tena. Halafu yule mzee, kwa sauti iliyokuwa inalia na kucheka papo hapo, akajibu:

"Kijani, twende!"

Babu alilia waziwazi, bila kujifuta. Muuza nyanya alilia. Kinyozi alisema vumbi limemwingia, ingawa ua ni wa saruji. Mimi niliruka hadi nikaangusha ndoo. Waliongea dakika kumi na mbili, mtangazaji mwenyewe akakosa pa kuingilia, na mwisho mjukuu wa Makaa akatoa namba yake ya simu. Mama Cherehani aliiandika kwa chaki ya kupimia nguo, tarakimu moja moja, Babu akizirudia.

Jioni mama alirudi akiwa anacheka tangu getini, akasema mashine zote za kufulia zilizimwa na wafanyakazi wote wakaitikia "Kijani, twende!" hadi daktari akaja kuuliza kuna nini. Kisha akanitazama. Habari za ujumbe zilikuwa zimeshamfikia. Hakufoka. Alimpisha Babu.

Babu alinikalisha kando yake, kofia bado kichwani.

"Umefanya mawili," akasema. "La leo asubuhi lilikuwa gumu, kusimama mbele ya watu na kusema 'ni mimi'. Kwa hilo nakushukuru, maana bila hilo nisingemsikia Makaa. Lakini la wiki tatu zilizopita nakugombeza. Hukukosea kwa kutojua. Kutojua hakumtii mtu aibu, mimi mwenyewe mambo haya ya simu siyajui. Ulikosea uliposema umesoma na hujasoma. Watu walikuamini, wakafumba macho yao wakatumia ya kwako, na ya kwako hayakuwa yakiangalia. Ukiaminiwa, kazi yako inaongezeka mara mbili: uangalie kwa ajili yako, uangalie na kwa ajili yao. Na ukichoka kuangalia peke yako, tafuta wa kurudia unachotamka."

"Nisamehe, Babu."

"Mimi nimeshakusamehe. Zimebaki simu kumi na nane."

Kesho yake nilizunguka chumba hadi chumba na Mama Cherehani. Kwanza nilimwomba msamaha, hata kwa kumwigiza, jambo ambalo kumbe alikuwa analijua siku zote. Yeye alisoma, mimi nikarudia, na hatukuivuka namba hata moja. Kinyozi alikuwa wa mwisho. Wakati anaipokea simu yake, yenye mtandao tele, ujumbe mpya ukaingia palepale: "Mpendwa mteja..."

"Injinia," akaniuliza kwa jicho la pembeni, "hawa ni matapeli au siyo?"

"Sijui," nikasema. Neno hilo sikuwahi kulitamka mbele ya kinyozi. "Ngoja tuusome."

"Hadi mwisho!" akaita Mama Cherehani, aliyekuwa ameshafika mlangoni.

"Hadi mwisho," nikarudia, nikaweka kidole chini ya neno la kwanza.